Walianza 14, wakamaliza 5: mafunzo ya kupiga picha hapa Dodoma tunayapangaje?

#1 LenziYaMakole
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 9 kwenye kamera hapa Dodoma. Nilianza na picha za pasipoti jirani na Jamatini, nikaingia kwenye sendofu na harusi, na tangu Serikali ihamie huku napata pia kazi za warsha na semina. Vijana wamenisumbua muda mrefu niwafundishe, mwisho nikakubali. Mwezi wa pili nikafungua darasa chumba cha nyuma ya studio yangu hapa Makole. Ada 150,000, wiki 12, kila Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa saba. Walijiandikisha 14, na wote walilipa angalau nusu.

Wiki ya nne walikuwa 11. Wiki ya saba 8. Mwisho wamebaki 5, na kati ya hao ni wawili tu ninaoweza kuwakabidhi kamera waende kwenye sherehe na mimi nikalala usingizi. Mmoja wa walioondoka aliacha mpaka chaja yake ya betri. Imening'inia ukutani hadi leo, simu hapokei.

Tatizo ni ada, muda, mtaala au mimi mwenyewe? Nataka kuanza awamu ya pili na sitaki kurudia aibu ile. Waliowahi kufundisha kazi ya ubunifu yoyote, iwe matangazo, muziki au ushonaji, nishaurini.

#2 Kilimani_Juu
Jumamosi? Mpiga picha wa harusi anafundisha Jumamosi? Mkuu, umeshajijibu mwenyewe.

#3 Sungwi
Nimekaa paleee, nasubiri wataalamu.

#4 LenziYaMakole
#2, sikukurupuka. Nilianza Kwaresima makusudi, harusi za Wakristo zinakuwa hakuna na Jumamosi zangu zinakuwa wazi. Na vijana wengi wanafanya kazi siku za katikati ya wiki.

#5 Kilimani_Juu
Kwaresima ni siku 40, darasa lako ni wiki 12. Baada ya Pasaka nani alikuwa anafundisha?

#6 MamaKamati
Mimi si mpiga picha, ila nimekaa kwenye kamati za harusi nyingi kuliko vidole vyangu, Kisasa, Area C mpaka Nkuhungu. Niseme kama mlipaji.

Wapiga picha vijana hawatuangushi kwa ubora wa picha. Wanatuangusha kwa kuchelewa. Anakuja bibi harusi ameshaingia ukumbini, betri moja, anaomba soketi kwa MC. Halafu picha unazisubiri miezi miwili, ukipiga simu unaambiwa kompyuta imeharibika. Sijui darasani kwako hilo linafundishwa wiki ya ngapi. Mimi ningelifundisha siku ya kwanza, na anayechelewa mlango anaukuta umefungwa.

#7 MwalimuMstaafu_Kikuyu
Mbukwenyi.

Nimefundisha miaka 31, sekondari na baadaye chuo cha ualimu. Mtoa mada, hujatueleza jambo la kwanza ambalo mkaguzi angekuuliza: mwanafunzi akimaliza, aweze kufanya nini ambacho leo hawezi? "Kujua kupiga picha" si jibu, maana halipimiki. Jibu ni kama hili: aweze kupiga sendofu moja peke yake, kuanzia mchana mpaka usiku, na kukabidhi picha 150 zilizohaririwa ndani ya siku 7. Hilo unaweza kulipima, ama amekabidhi ama hajakabidhi.

Ukishalipata, rudi nyuma hatua kwa hatua. Ili akabidhi picha 150 anahitaji kuchagua kati ya 1,200. Ili achague anahitaji jicho. Ili awe na picha 1,200 zinazofaa anahitaji kuweza kubadili mipangilio ya kamera ukumbini bila kufikiri. Ukifika mwisho wa mnyororo huo, wiki ya kwanza unaipata yenyewe. Wengi hufanya kinyume: wanachukua kitabu cha maelekezo ya kamera na kuanza ukurasa wa kwanza.

La pili, mara moja kwa wiki ni mbali mno kwa anayeanza. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana, saa na siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachanishwa hushinda marudio ya mkupuo. Kijana aliyefundishwa kasi ya shata Jumamosi na hana kamera nyumbani, Jumamosi inayofuata anaanza upya. Lazima apewe cha kufanya Jumanne, hata kwa simu yake ya mkononi.

#8 ChukuaZabibu
Mwalimu umetutoa Makole ukatupeleka Ujerumani 😂 Silabi zisizo na maana mbona hata hapa tunazo, sikiliza wanasiasa.

#9 LenziYaMakole
#7 Shikamoo mwalimu. Umenigusa. Wiki tatu za kwanza nilifundisha uwazi wa lenzi, kasi ya shata na ISO, yaani vile vitu vitatu vya kurekebisha mwanga wa picha, ubaoni. Kamera nilikuwa nazo mbili tu, nikaona bora kwanza waelewe. Kumbe hapo ndipo nilipoanza kuwapoteza?

#10 ZezeLaUgogo
Hapo hapo. Nani aliyekwambia sanaa inafundishwa ubaoni?

Sisi Wagogo mtoto hafundishwi ngoma ya muheme. Anakaa karibu na mama yake na shangazi zake wanapopiga, siku moja anapewa ngoma, akikosea anaondolewa, kesho anapewa tena. Marimba na zeze ni hivyo hivyo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu, alitoka huku kwetu akaenda kufundisha Bagamoyo, na watu wa ukoo wake wengi wameshika vyombo, hawakuvipata kwa kuandika noti.

Mtoa mada, futa darasa. Chukua watatu tu, wakubebee taa na stendi mwaka mzima. Watajua. Hata chuo chenyewe cha Bagamoyo kimeanza juzi tu 2007, kabla ya hapo mbona wasanii walikuwepo?

#11 Bwawani_Mtera
#10 sahihisho dogo: Chuo cha Sanaa Bagamoyo ni cha 1981. Mwaka 2007 ndipo kilipogeuzwa wakala wa Serikali kikaitwa TaSUBa. Na kama Zawose alikwenda kufundisha chuoni, basi mfano wako unajipinga. Aliona chuo nacho kina kazi yake.

#12 ZezeLaUgogo
#11 asante kwa mwaka. Kuhusu kujipinga, hapana. Alifundisha chuoni, lakini alifundisha kwa kupiga.

#13 BintiKondoa
Mimi ni mbunifu wa matangazo, nafanya nembo, mabango, kadi za mwaliko na fulana za kampeni. Nimefundisha mara tatu, mara mbili nimefeli.

Huu mtindo wa kubeba taa mwaka mzima sikubaliani nao, naona wanaume wanausifia kwa sababu wao waliumudu. Mimi nilijifunza hivyo kwa bosi mmoja, sitamtaja. Miezi minane nilifagia, nikanunua vocha, nikatumwa chai. Kompyuta nilikuwa naigusa akienda kula. Na kwa binti, kurudi saa sita usiku kutoka ukumbini kwenye gari la watu usiowajua, mzazi gani atakubali? Kwa hiyo mafunzo ya namna hiyo yanachuja wasichana wote, halafu mnasema wasichana hawapendi kamera.

Awamu yangu ya tatu ndiyo iliyofanikiwa, nikabadili mambo mawili. La kwanza, niliacha kulipisha ada ya wiki 12. Nikakata hatua nne, kila hatua 40,000, na kila hatua ina kitu mkononi: ya kwanza unatoka na kadi ya mwaliko ya mteja halisi, ya pili bango, ya tatu nembo, ya nne unaandaa ankara na kumkabidhi mteja mbele yangu. Anayeishia hatua ya pili hajaacha shule, amemaliza hatua mbili. Hesabu ya aibu inaisha yenyewe.

La pili, wateja halisi kuanzia wiki ya kwanza. Wadogo. Mama wa chapati pale Sabasaba, kinyozi, kwaya ya mtaani. Kijana akijua kadi yake itachapwa nakala 200 na kosa la tahajia litasomwa na ukoo mzima, hahitaji kuhimizwa.

#14 MamaKamati
Naunga mkono #13. Tena tahajia! Kuna kadi ilimwita bwana harusi "marehemu mtarajiwa". Ilichapwa.

#15 ChukuaZabibu
😂😂😂 Huyo mbunifu alikuwa mkweli tu.

#16 Hesabu_Ihumwa
Tuache utani, tuangalie namba za #1. 14, 11, 8, 5. Wametoka watatu, watatu, watatu. Nyie wote mnatafuta sababu moja, lakini watu wanaoondoka wiki ya tatu si sawa na wanaoondoka wiki ya tisa. Wa mwanzo wanaondoka kwa sababu walikuja kuonja. Wa katikati pengine ni shamba, mwezi wa tatu watu wa Bahi na Chamwino wana mpunga, mtama na uwele wa kulinda. Wa mwisho wameshajua kazi, waliondoka kwa sababu ya kitu kingine. Mtoa mada angewapigia simu wote 9 kabla ya kufungua uzi.

Kingine, ada. 14 mara 150,000 ni 2,100,000 kama wote wangemaliza kulipa. Umefundisha saa 48. Maandalizi, tuseme saa mbili kwa kila saa ya darasa, jumla saa 144. Inakuja kama 14,500 kwa saa, kabla ya umeme, kamera kuchakaa na Jumamosi ulizokosa kazi. Sendofu moja unalipwa ngapi? Ukipiga hesabu hiyo utajua kama unafundisha biashara au unafanya sadaka. Zote ni halali ila usizichanganye.

#17 Kizota_Reli
#16 na uzuri mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka TRA hawakugusi.

#18 Hesabu_Ihumwa
#17 hapana, usimtie mwenzio matatani. Ngazi hiyo ni ya kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo. Huduma za kitaalamu, za kiufundi na za mafunzo zimetolewa kwenye utaratibu huo, anatakiwa kuandaa hesabu zake. Halafu akipiga picha kwa taasisi, wanamkata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye huduma. Vijana wengi wanadhani wameibiwa. Unadai cheti cha zuio, na kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Nimeona mpiga picha ana vyeti vya miaka miwili kwenye droo, hajui ni vya nini.

Ningekuwa mimi, wiki nzima ya mafunzo ingekuwa hiyo: ankara, zuio, leseni, mkataba wa ukurasa mmoja, na kujisajili NeST, ule mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita humo. Na kuna asilimia 30 ya manunuzi inayopaswa kutengwa kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Kijana wa Dodoma amezungukwa na wizara, halafu anagombania sendofu ya laki mbili.

#19 LenziYaMakole
#18 nimekusoma. Ila uwaambie pia kuhusu kusubiri malipo. Kuna ofisi moja ilinilipa warsha ya siku tatu baada ya miezi mitano. Kijana anayeanza hawezi kusubiri hivyo. Sendofu ya laki mbili inamlisha leo.

#20 MwanaPwani_Ubungo
Nyie endeleeni kubishana. Sisi wa Dar tunapanda SGR asubuhi kwa 31,000, tunapiga harusi yenu, tunarudi. Tangu Juni 2024 Dodoma ni mtaa wetu tu.

#21 Bwawani_Mtera
#20 Juni 2024 treni ilianza kati ya Dar na Morogoro. Dodoma ilifika mwishoni mwa Julai na Rais Samia akazindua tarehe 1 Agosti. Ulikuwa unapiga harusi za Morogoro mkuu, ukadhani ni kwetu.

#22 MwanaPwani_Ubungo
Haya yaishe 🙏 Ila hoja inabaki. Bibi harusi mmoja wa hapo alisema ametuita kwa sababu wenyeji wanampiga uso mweusi tii.

#23 LenziYaMakole
#22 hilo ni kweli na ndilo somo ninalolipenda kuliko yote. Kamera inapima mwanga kana kwamba dunia nzima ni kijivu cha wastani. Shera jeupe likijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso wa dada yetu unazama. Ukiongeza bila mpango, shera linaungua, nakshi zote zinapotea. Jua letu la saa saba mchana hapa halina huruma, si kama la pwani lenye mawingu. Dawa: pima usoni, mtoe juani umpeleke kivulini penye ukuta mweupe, piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaihariri) ili ubaki na nafasi ya kuokoa.

Na vumbi! Usibadili lenzi ukiwa umesimama kwenye upepo wa Mtumba. Nimesafisha sensa za kamera za watu, kile kioo cha ndani kinachonasa mwanga, mpaka nimechoka.

#24 MwalimuMstaafu_Kikuyu
Naomba mwone alichofanya LenziYaMakole #23. Ameeleza kosa, sababu yake na dawa, akiwa na bibi harusi mbele yake. Hilo ndilo somo la wiki ya kwanza. Ubao wa nini? Uwazi wa lenzi na kasi ya shata vitakuja vyenyewe, kwa sababu kijana atauliza "nikiongeza mwanga, naongezea wapi?"

#25 Kilimani_Juu
Sawa, lakini hakuna anayeuliza swali gumu. Ukishamfundisha vizuri, anafungua studio mtaa wa pili kwa nusu ya bei yako. Unafuga mshindani kwa ada ya 150,000.

#26 BintiKondoa
#25 mwanafunzi wangu mmoja sasa ananiletea kazi zinazomzidi. Mwingine kaniibia mteja mkubwa. Ngoma droo.

#27 Nzuguni_B
Mimi naona wote mmekosea. Wazazi wanataka cheti. Kijana akiulizwa nyumbani "unasoma wapi," akijibu "nyuma ya studio Makole", hapewi nauli. Mtoa mada akasajili chuo VETA, mambo yaishe.

#28 Hesabu_Ihumwa
Usajili wa vyuo vya ufundi stadi siku hizi uko NACTVET, si VETA. Na ukisajili chuo unaingia kwenye majengo, vifaa, sifa za walimu, mtaala. Kwa chumba cha nyuma ya studio ni safari ndefu. Njia fupi ni hii: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mtu anapimwa kwa alichojifunza kazini na kupewa cheti. Waulize kama fani yenu imo kabla hujawaahidi watu.

#29 ZezeLaUgogo
Cheti hakipigi picha.

#30 Nzuguni_B
Na zeze halilipi kodi ya nyumba.

#31 Sungwi
Bado nimekaa palepale. Karanga zimeisha.

#32 NilitokaWikiYaTisa
Nimesoma uzi wote kuanzia jana usiku nikiwa nimenyamaza. Mimi ni mmoja wa wale 9.

Ticha, shikamoo. Sikuondoka kwa sababu ya ada, nilikuwa nimemaliza kulipa. Sikuondoka kwa sababu ya ubao pia, ingawa ubao ulichosha. Mimi nakaa Nala. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka nilifika saa tatu, tukakuta umeandika kwenye kundi saa mbili na nusu kwamba una harusi, darasa hakuna. Nilikuwa njiani, bando sina. Iliyofuata hivyo hivyo. Iliyofuata ukamleta mtu mwingine akatufundisha kuhariri kwenye simu. Nikajisemea, nauli hii bora ninunulie kadi ya kumbukumbu.

Ila mwalimu #7 na wengine, msidhani nimepotea. Yule rafiki yangu aliyetoka wiki ya sita alipata kazi ya kupiga bidhaa za duka moja, akanivuta. Tunafanya wawili, na hivi vitu vya kupima mwanga usoni nilivijua kwa Ticha. Kwa hiyo katika hesabu yenu 14, 11, 8, 5 mimi niko wapi? Sikumaliza, lakini nakula kwa kamera. Na kuna mmoja alimaliza, jina simtaji, anauza chipsi.

#33 Kilimani_Juu
Si nilisema #5?

#34 Hesabu_Ihumwa
Na mimi si nilisema angewapigia simu kwanza?

#35 MamaKamati
Nyie wote mlisema. Mwacheni mtu ajibu.

#36 LenziYaMakole
Nimeisoma #32 mara tatu. Kijana wangu, marahaba, na pole. Ni kweli. Nilikuwa na harusi nne mfululizo baada ya Pasaka, na malipo ya moja yalikuwa nusu ya kodi yangu ya pango ya mwaka. Nilijua nawakosea, nikajiambia watanielewa kwa sababu wao pia watakuwa wapiga picha.

Awamu ya pili nafikiria hivi, mnikosoe. Watu 6 tu, kamera mbili zitoshe. Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, hakuna anayeoa Jumanne. Hatua kama za #13, tatu, kila moja wiki tatu. Hatua ya mwisho ni sherehe halisi, mimi nikiwa nimekaa pembeni na soda. Nikikosa kipindi, narudisha 5,000 kwa kila mwanafunzi, siku hiyo hiyo kwenye simu.

#37 BintiKondoa
Hiyo ya kurudisha 5,000 iandike kwenye mkataba, usiishie kuiandika humu. Na saa kumi jioni ni nzuri kwa mwanga, ila mabinti wa Nala na Ihumwa watoke kabla giza halijaingia.

#38 ZezeLaUgogo
Soda ya nini? Wabebee wao taa.

#39 MwalimuMstaafu_Kikuyu
Wiki tisa kwa watu sita, mara mbili kwa wiki, ni vipindi 18. Tenga viwili visiwe na somo lolote, viwe vya kurudia walichoshindwa. Huwa tunavisahau hivyo.

#40 Kizota_Reli
Kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, usianze. Mji mzima una warsha, utakosa wewe na watakosa wao.

#41 Hesabu_Ihumwa
#40 kinyume kabisa. Hiyo ndiyo miezi ya kuwapeleka kazini. Hatua ya tatu iangukie hapo.

#42 Kizota_Reli
Na 5,000 mara sita, akipata warsha mbili kwa wiki, atarudisha mpaka lenzi.

#43 NilitokaWikiYaTisa
Ticha, nashukuru. Kesho nitapita Makole mchana. Ile chaja ni ya Canon, betri ndogo, ina mkanda mwekundu. Bado ipo?

#44 LenziYaMakole
Ipo. Ila nimekuwa naitumia.